Miguu Chini ya Rangi ya Kijani

Nikiwa na hasira siandiki vizuri, na leo nina hasira. Mtanivumilia.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni Saulo, seremala, mzaliwa wa Kihesa, Iringa. Shule niliiacha darasa la nne. Wasomaji wengine wameshasikia jinsi duka la samani la Bipin, nililolifanyia kazi miaka kumi na minne, lilivyofungwa na mwenyewe akahama nchi. Wamesikia jinsi nilivyohamia Mbeya na mke wangu Lusia na binti yetu Rozalia, nikafungua karakana Mwanjelwa, karakana ikaungua, nikaanza upya na msumeno mmoja.

Kitu pekee cha Iringa kilichonibakia ni picha. Bipin alinipa asubuhi aliyoondoka.

Ni picha kubwa, upana wake kama mlango uliolazwa. Wasichana wadogo kumi na mmoja wamo katika chumba cha sakafu ya mbao. Sketi zao fupi zimesimama kama uyoga. Wengine wamenyanyua mguu juu ya boriti iliyopigwa ukutani, wengine wamesimama kwa ncha za vidole. Katikati yuko mzee wa Kizungu mwenye fimbo, anawafundisha. Bipin alisema mchezo huo unaitwa balei, na kwamba hao bado ni wanafunzi, hawajaruhusiwa kucheza mbele ya watu.

Mimi niliipendea ile sakafu. Aliyeichora alijua mbao.

Sasa Rozalia. Alipelekwa Rujewa kufundisha kisomo cha watu wazima, huko akakutana na Bujiku, fundi wa matrekta, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao. Walipendana. Wiki iliyopita niliishia pale baba yake Bujiku, mzee Budeba, alipoingia sebuleni kwangu na mdogo wake Ngolo kuleta posa. Aliiona picha ukutani, akasahau kukaa.

 Nilidhani mzee ameona mapaja ya watoto wa watu na posa imekufa.

"Nani amechora hawa?" akauliza.

"Mzungu mmoja, mzee. Simjui."

"Huyo Mzungu alikuwa mcheza ngoma."

Akaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Ngolo, njoo uone. Huyu mwenye fimbo ni manju. Yuko kambini na watoto wake. Mtazame huyu wa mwanzo, uzito wote ameuweka mguu wa nyuma. Huyu amefundishwa. Wa pili yuko sawa. Wa tatu huyu mvivu, siku ya mashindano ataaibisha kundi."

"Kila kundi lina mmoja," Ngolo akasema.

"Letu lilikuwa na wewe."

"Mimi nilikuwa na jipu, kaka."

"Jipu la misimu mitatu."

Wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuona nimepona. Mzee Budeba akakaa, akanieleza kwamba ujana wake aliumalizia kwenye ngoma. Walikuwa wanajitenga mwezi mzima, manju, kiongozi wa ngoma, anawapiga fimbo za miguu hadi kila mmoja akanyage pamoja na mwenzake. Kundi lao lilishindana na makundi ya nchi nzima ya Usukuma.

"Mcheza ngoma ni miguu," akasema. "Uso hata mbuzi anao. Mtu anayetundika picha hii nyumbani kwake anajua kwamba ngoma ni shule."

Hapo ningesema kweli. Ningesema, mzee, mimi nilipenda mbao tu. Lakini nilimwona jinsi alivyofurahi, na nilimwona Rozalia, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, akichungulia mlangoni, uso umejaa matumaini. Nikasema:

"Hata baba yangu alikuwa manju."

Ninaungama mbele yenu. Baba yangu alikuwa mpasua mbao. Hakuwahi kucheza ngoma hata siku moja, alikuwa anasema magoti yanamuuma.

Mzee Budeba alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Basi tumemaliza. Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na ndugu zangu wengine watatu, waone nimepata watu wa aina gani. Harusi yenyewe nitaleta kundi langu, tutacheza hapa uwanjani kwako mpaka Mwanjelwa nzima ihame."

Rozalia alikuja kuwaamkia. Mzee akamwita ng'wanawane, binti yangu. Mke wangu Lusia alileta chai, akaiweka mezani, akarudi jikoni. Hakucheka. Sikulitilia maanani hilo.

Jumanne iliyofuata nilikuwa napiga randa karakanani. Akaja Yotamu.

Yotamu ni mchora vibao vya maduka. Pia ni mzee wa kanisa letu, na yeye ndiye aliyenipatia kazi ya kutengeneza mabenchi mapya ya kanisa. Nyumbani kwangu alikuwa hajawahi kukanyaga.

"Ugonile, Saulo."

"Nimelala salama, mzee. Karibu."

"Sikai. Nimeambiwa una picha sebuleni."

"Ninayo."

"Ya wasichana wasiovaa."

"Wamevaa."

"Wamevaa nini?"

Nilipofikiri nikaona si rahisi kueleza.

"Saulo, wewe unatengeneza mabenchi ya nyumba ya Bwana. Nyumbani umetundika mapaja. Tena nasikia unaoza binti, na Wasukuma watakuja kucheza ngoma uwanjani kwako. Unadhani wazee tutaitangaza ndoa hiyo kanisani?"

"Ile ni picha tu, mzee Yotamu."

"Hata serikali imekataza sketi fupi."

"Basi nenda ukawakamate."

Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayepima ubao kabla ya kuukata.

"Ndoa haitatangazwa," akasema. "Na mabenchi tutampa mtu mwingine."

Hapo ndipo nilipokuwa mwoga. Sitafuti neno zuri. Ndoa isipotangazwa kanisani, kwa watu wetu haipo. Binti yangu angeitwa kimada mpaka uzeeni. Ndivyo nilivyojiambia. Lakini mabenchi nayo niliyafikiria, tena niliyafikiria kwanza.

"Niishushe?" nikauliza.

"Ukiishusha utaitundika tena nikigeuka. Nitawavisha. Ninayo rangi iliyobaki ya mlango wa kanisa."

Alikuja nyumbani mchana huohuo na kopo na brashi. Niliitoa picha ukutani kwa mikono yangu, nikaiegemeza kwenye kiti, nikaishikilia isiteleze. Yotamu akaanza na wa mwanzo, yule aliyekuwa ameuweka uzito mguu wa nyuma. Alimvisha sketi ya kijani kutoka kiunoni mpaka chini. Akaenda kwa wa pili. Anachora haraka, amezoea vibao.

Rangi ilishuka ikameza miguu, ikameza viatu, ikaendelea ikameza na sakafu. Alipomaliza, wasichana wote kumi na mmoja walikuwa wanakwaya waliozama kwenye majani. Yule mzee alibaki na fimbo yake katikati, kama anachunga ng'ombe.

"Sasa ni picha ya Kikristo," Yotamu akasema, akafuta brashi.

Nikamshukuru. Nilisema ahsante, mzee. Nikiikumbuka ahsante ile natamani nijikate ulimi.

Rozalia alirudi jioni. Alisimama mbele ya picha, mkoba bado uko begani.

"Baba, nani amefanya hivi?"

"Mzee Yotamu. Wazee wa kanisa wamesema."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nimefanya kwa ajili yako. Ndoa itatangazwa."

"Mzee Budeba anakuja Jumamosi."

"Ataona tuna adabu."

"Baba, ataona umewakata miguu."

Nikamwambia aache maneno ya kujifanya msomi, mimi ndiye niliyemsomesha.

Jumamosi ikafika. Lusia alipika ndizi na nyama, jirani zetu walituazima viti. Niliwasikia wageni wakiwa bado njiani, mzee Budeba anaongea kwa sauti, anawaambia ndugu zake.

"Mtaona wenyewe. Kuna mmoja amesimama kwa vidole vya mguu mmoja, hatikisiki. Mimi hata ujana wangu nisingeweza."

Wakaingia. Kwetu mgeni akifika huamkiwa kwanza, akaulizwa habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Mzee Budeba hakungoja. Aliwashika ndugu zake mabega akawageuza kuelekea ukutani.

"Haya, tazameni."

Wakatazama. Mmoja akasema, "Tunatazama nini?"

 Mzee Budeba akamgeukia Ngolo, Ngolo akatazama chini.

"Mzee Saulo," akasema polepole. "Miguu iko wapi?"

"Iko hapohapo, mzee. Iko chini ya rangi."

"Nani ameifunika?"

"Wazee wa kanisa waliona kwamba si vizuri, na kwa sababu ya ndoa—"

"Nimeuliza nani. Nyumba ni yako."

"Niliruhusu mimi."

Ndugu yake mmoja akamuuliza kwa Kisukuma. Akamjibu neno moja. Yule ndugu akatikisa kichwa akatazama mlango.

"Ulisema baba yako alikuwa manju," mzee Budeba akaniambia. "Mtoto wa manju hawezi kuifunika miguu ya wacheza ngoma. Ni kama kumziba mtu mdomo anapokula."

Ningeweza kuendelea kudanganya. Sijui kwa nini nilichagua wakati ule kusema kweli.

"Sikusema kweli, mzee. Baba alikuwa mpasua mbao."

"Kwa hiyo ulinicheka."

"Sikukucheka."

"Nilikaa pale nikakueleza ujana wangu wote. Ulikuwa unanicheka moyoni." Hakupaza sauti hata kidogo. "Sasa nijibu moja. Watu wangu wakija kucheza harusini, miguu iko wazi, njuga zimefungwa, kanisa lako likisema si vizuri. Hao utawapaka rangi gani?"

 Nanyi mkiwa na jibu mniandikie.

Alichukua fimbo yake pale mlangoni alipokuwa ameiegemeza. Ngolo aliniambia kwa huruma, "Chakula kimenukia vizuri, mkwe." Wakaondoka wote watano bila kunawa mikono. Majirani walikuwa wamejaa uani. Waliona wageni wa posa wakitoka na njaa.

Nilibaki nimesimama. Lusia alianza kurudisha sahani jikoni, moja moja.

Rozalia akaja mbele yangu. Hakuwa analia.

"Baba, wewe ni mwoga."

Nilimpiga kofi.

Nilikuwa sijawahi kumpiga, hata alipokuwa mdogo, hata alipoangusha patasi yangu ya Uingereza kisimani. Nilimpiga kwa sababu ya Yotamu, kwa sababu ya mzee Budeba, kwa sababu ya majirani uani, lakini shavu lililokuwa karibu ni lake. Sitaki mniambie kwamba baba ana haki. Nilimpiga kwa kuwa alisema kweli, na alikuwa mdogo kuliko wote waliokuwa wameniudhi siku ile.

Alishika shavu, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Nikaifuata hasira yangu mpaka jikoni.

"Nataka kujua ni nani aliyemwambia Yotamu habari ya ile picha," nikamwambia Lusia. "Alikuwa hajawahi kuingia humu. Nitamtafuta mtu huyo Mwanjelwa nzima."

Lusia alikuwa anamimina mchuzi kwenye sufuria. Hakugeuka.

"Usiende mbali. Ni mimi."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Nilikwenda kwake Jumatatu," akasema. "Nikamwambia picha, nikamwambia na ngoma. Niliona mzee Budeba anavyoipenda. Nikajua ikiharibika ataondoka."

"Lusia, una akili?"

"Ninazo. Wewe ndiye huna. Nimezika watoto wawili Kihesa, Saulo. Wote kwa homa, na Kihesa ni baridi, mbu wenyewe wa kuhesabu. Huyu mmoja aliyebaki unataka akaishi Usangu, kwenye majaruba ya mpunga, maji mwaka mzima. Likizo iliyopita alirudi macho ya njano. Hukuyaona?"

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Mara tatu. Uliniambia niache maneno ya wanawake."

Hilo nalo ni kweli. Nilikuwa nimekuja jikoni na hasira ya kuvunja nyumba, nikatoka sijui niivunje kwa nani. Lakini haikuisha. Mtu akikufanyia ubaya kwa sababu nzuri, hasira haina pa kutokea, inaozea ndani.

Jumapili sikwenda kanisani. Jumatatu asubuhi nilikwenda dukani kwa Ramesh kununua tapentaini.

"Unasafisha brashi?" akaniuliza.

"Nasafisha dhambi."

"Ya dhambi hatuna. Chukua chupa ndogo, ujaribu pembeni kwanza."

Nilijaribu pembeni. Nililowesha kitambaa nikasugua sketi ya yule wa mwisho kulia, kidogo kidogo, kama unavyosugua meza ya mtu mkubwa. Kijani kikalegea. Nikafuta. Ikaonekana ncha ya kiatu, halafu kifundo cha mguu, halafu ubao mmoja wa sakafu, safi kabisa. Sikujua kwamba Rozalia amesimama nyuma yangu mpaka aliposema:

"Inatoka."

"Inatoka, mama. Yote itatoka. Nitaipeleka mwenyewe Usangu, nipige magoti kwa yule mzee."

 Alikaa kando yangu, akachukua kitambaa kingine, tukasugua pamoja. Tulipata miguu ya wasichana wanne. Nilitaka kusema kuhusu lile kofi. Badala yake nikamwomba anisogezee chupa. Ilikuwa imekwisha.

"Nakwenda kuongeza," nikasema. "Sikawii."

Nilichelewa. Kwa Ramesh ilikuwa imekwisha, nikaenda maduka ya mjini. Niliporudi saa saba mchana, ukuta ulikuwa mtupu. Picha haipo. Sanduku la Rozalia halipo. Lusia amekaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani.

"Nilikuwa sokoni," akasema. "Jirani yetu Mama Esta amemwona stendi. Alikuwa na kitu kikubwa amekifunga kwa blanketi, kondakta akakipandisha juu. Basi la Iringa."

Mabasi yote ya Iringa yanapita Igawa, na Igawa ndipo anaposhuka mtu wa Rujewa. Nikaelewa. Binti yangu hakuningoja nipige magoti, amekwenda mwenyewe na miguu minane inayoonekana na wasichana saba bado wamo kwenye majani. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Umeshindwa, Lusia," nikamwambia. "Amekwenda kwa mumewe."

"Nimeona."

"Na mimi nimefurahi."

"Furahi."

Siku mbili nilifanya kazi kama kijana. Nilimpelekea Yotamu mbao zake za mabenchi zote, nikazimwaga mlangoni kwake, nikamwambia atafute seremala mwenye adabu. Alianza kusema maandiko. Nikamwambia asome polepole, mimi niliishia darasa la nne. Nyumbani Lusia alikuwa hanitazami usoni, nami simsemeshi. Tulikula kila mtu na sahani yake.

Jumatano mchana nikasikia hodi.

Alikuwa Bujiku, bado na gwanda lake la kazi lenye mafuta ya trekta, kofia mkononi. Nilimwona nikasimama na mikono miwili mbele.

"Karibu, mkwe. Karibu ndani. Lusia, weka maji."

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Mzee hajambo? Bado ana hasira?"

"Zimepungua, baba. Amekaa nazo siku tatu, jana amesema alikuwa mkali mno. Mtu aliyekiri uongo mbele ya wageni, amesema, si mtu mbaya. Amenituma."

"Unaona?" nikamwambia Lusia. "Unaona? Alipoiona tu ile miguu."

Bujiku alinitazama, akamtazama Lusia.

"Miguu gani, baba?"

"Ya kwenye picha. Aliyoileta Rozalia."

"Picha sijaiona." Akaigeuza kofia yake mkononi. "Mzee amesema nije nimchukue Rozalia, twende wote wawili tukazungumze naye. Yupo ndani?"

Mke wangu, ambaye tangu Jumamosi hakuwa amenitazama usoni, akanitazama. Sote wawili tulikuwa tunafikiria basi la Iringa.